Kubangua Walikuwa Wakiimba

Wiki mbili tu baada ya kuingia kiwandani, vidole vyangu vilikuwa vimeshageuka rangi. Mafuta ya ganda la korosho yanachoma, na yakishaingia kwenye kucha hayatoki kwa sabuni wala kwa mchanga, yanatoka na ngozi yenyewe. Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza kidato cha nne Masasi, nimekuja Mtwara mjini kukaa kwa mama mdogo mtaani Chikongola, na kazi niliyopata ilikuwa ya kibarua wa kubangua korosho katika kiwanda kimoja nje kidogo ya mji.

Nilikaa pale miaka 6. Nilipita idara 3, kisha nikaingia ofisini. Lango lilikuwa moja, tajiri mmoja, kengele moja ya asubuhi. Lakini ukivuka kizingiti kutoka idara moja kwenda nyingine, ulikuta watu wengine kabisa. Huku wanaitana kwa majina ya watoto wao, kule mtu amekaa mwaka mzima na jirani yake wa mezani na hajui kama ana mtoto au hana. Jambo hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Korosho ghafi zikishanunuliwa mnadani huja kwenye magunia ya kilo 80. Zinaanikwa, zinachekechwa kwa ukubwa, zinapikwa kwa mvuke wa boila ili ganda likubali kupasuka bila kuvunja kilichomo, zinaachwa zipoe usiku kucha, ndipo zinapelekwa kubangua. Mashine zetu zilikuwa za mkono na mguu: unaweka korosho kati ya visu viwili, unakanyaga pedali, unavuta mkono, ganda linafunguka, na mwenzako aliyekaa mbele yako anachokoa korosho karanga, yaani kile kiini cha ndani kinacholiwa. Zikitoka hapo zinaingia tanuri la nyuzi kama 70 mpaka ile ngozi nyembamba ya ndani ijitenge. Kisha zinamenywa kwa visu vidogo, zinapangwa madaraja, zinapakiwa kwenye makatoni ya ratili 50, yaani kilo 22.68. Gunia zuri la kusini likibanguliwa vizuri linakaribia kujaza katoni moja. Na magunia mengi ya nchi hii hayaoni kiwanda, yanapanda meli yakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Sisi tuliopata pa kubangulia tulijihesabu wenye bahati, na tulikuwa na bahati kweli.

Banda la kubangua lilikuwa la bati, limejengwa karibu na boila, na boila lilichomwa kwa maganda yale yale ya korosho, kwa hiyo moshi wake ulikuwa mkali na ulikwama kooni. Mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imetulia na hewa imesimama, jasho lilitiririka mpaka miguuni. Ndiyo kazi chafu kuliko zote pale. Mgeni akitembezwa kiwandani, banda letu walilipitia haraka.

Na ndiko nilikokuta watu wenye furaha kuliko wote.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata meneja. Alikuwa amebangua kwa mikono yake miaka 11 kabla ya kupewa daftari. Siku yangu ya kwanza alinishika viganja vyote viwili akavigeuza kama anayekagua samaki sokoni, akanimiminia mafuta ya nyonyo, akayapaka mwenyewe mpaka katikati ya vidole. Akaniambia, "Mwanangu, kila saa moja unarudia. Usingoje ikuchome. Na usishike uso, hata machozi yakikutoka."

Katikati ya banda, kwenye boriti, ilining'inia mizani yenye uso wa duara kama saa ya ukutani, na mshale mwekundu uliosomeka tangu mlangoni. Ndoo ya mtu ilipotundikwa, Shangazi alisoma kwa sauti: "Saba na robo!" Mwenye ndoo alijibu, "Saba na robo!" Ndipo karani aandike. Ukinyamaza, huandikiwi. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba jioni, sisi sote tukitoka, hakuna hata mmoja aliyekuwa na shaka na hesabu yake. Tulilipwa kwa kilo, kidogo, lakini kidogo hicho kila mtu alikijua kabla hakijaingia mkononi.

Siku moja korosho zilikuwa zinavunjika mno. Tunakanyaga, tunavuta, zinatoka vipande. Katika idara nyingine, nilikuja kuona baadaye, siku kama hiyo ingeishia kwa watu kukatwa malipo. Shangazi alichukua konzi ya vipande kwenye kanga yake, akaenda zake kwenye boila, akarudi na kijana wa boila mwenyewe, akamketisha kwenye mashine yangu. "Bangua," akamwambia. Kijana akabangua kumi. Saba zikavunjika mkononi mwake. Hakugombezwa. Alitazama zile saba, akasema, "Hizi sikuziivisha vizuri, Shangazi, mvuke ulishuka." Kesho yake zilikuja zimeiva sawasawa. Tangu siku ile kijana yule akawa anapita bandani kila asubuhi kuuliza, "Zinakubali?" Sisi tunamjibu kwa pamoja.

Naweza kuandika mengi ya banda lile. Mwezi wa Ramadhani Shangazi alikwenda ofisini kuomba tuanze saa 11 alfajiri, tukishakula daku, ili tumalize kabla jua halijakuwa kali, na akakubaliwa. Mwenye msiba alikwenda kwao Newala au Tandahimba siku 3, na mashine yake ilikanyagwa kwa zamu na wenzake, kilo zikiandikwa jina lake. Tulicheza upatu, watu 30 hivi, na hakuna aliyewahi kukimbia na zamu yake. Na tuliimba. Mara nyingi mimi ndiye niliyeanzisha, nyimbo za unyago tulizofundishwa utotoni zile zinazoweza kuimbwa mbele ya wanaume, na pedali 60 zilikwenda kwa mapigo yake.

Baada ya mwaka na nusu nilihamishiwa kumenya. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wanawake karibu 200, meza ndefu, hakuna moshi, hakuna mafuta ya kuchoma. Nilishukuru Mungu. Wiki ya kwanza vidole vyangu vilianza kupona, na wiki hiyo hiyo nilianza kuhisi kitu ambacho sikuweza kukitaja jina. Ukumbi wa wanawake 200 ulikuwa kimya.

Mizani ya kumenya ilikuwa ya mezani. Meza ya karani ilikuwa imeegemea ukuta, karani ameupa ukuta mgongo, na uso wa mizani ulimtazama yeye. Wewe mmenyaji unasimama upande wa pili. Unakabidhi trei yako, unaona mgongo wa mizani, chuma kitupu cha rangi ya kijivu, unamwona karani anainamisha macho, anaandika. Unaondoka.

Sisemi karani aliiba. Nilikuja kuyakagua madaftari yake miaka miwili baadaye, na sikuona wizi. Kijana alikuwa mwaminifu. Lakini wanawake 200 walikuwa wakirudi nyumbani kila jioni wakiwa na hakika kwamba wameibiwa, na hakika hiyo walilala nayo, wakaamka nayo, wakaja nayo kazini asubuhi. Na ubaya wake ni kwamba haikuishia kwa karani. Ukishaamini kuna mtu anapunjwa, unaamini pia kuna mtu anayependelewa. Fulani amepata kilo 6, kwa nini? Anatoka kijiji kimoja na nyapara. Fulani mwingine amepewa trei zenye ngozi laini. Maneno ya namna hiyo yalikuwa chini ya kila meza.

Kulikuwa na jambo jingine, la upungufu. Asubuhi ulipimiwa korosho zenye ngozi, jioni ukarudisha zilizomenywa pamoja na ngozi zake, na uzito ukipungua kupita kiasi walichokiweka, ulihesabiwa umekula au umeficha. Sasa korosho iliyotoka tanurini ni kitu kinachobadilika. Ikikaa mezani hewa inaigeuza uzito, vumbi la ngozi linapeperuka na feni. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi 7 alikatwa siku mbili mfululizo kwa upungufu wa gramu ambazo zingeweza kutosha kwenye kiganja cha mtoto. Hakulia. Alivua aproni akaikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza ya karani, akaondoka. Nilimjua uso tu. Miezi mitatu tumekaa meza moja na sikulijua jina lake, na hilo linanichoma zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu kubangua ningelijua siku ya pili.

Akina mama wanaonyonyesha waliletewa watoto langoni na wadogo zao wa kike, wakawa wanatoka mbio, wananyonyesha wamesimama, wanarudi mbio kwa kuogopa kuachwa na trei. Kule kubangua Shangazi alikuwa na kijichumba cha magunia matupu nyuma ya banda, na mama alikaa humo mpaka mtoto ashibe. Shangazi hakuwa amesoma sheria yoyote. Mimi nilipoingia ofisini ndipo nilipoona kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku kwa ajili hiyo. Kiwanda kilikuwa kimoja na sheria moja, mtoto mmoja akishiba chumbani kwenye magunia, mwingine akilia langoni.

Nyapara wa kumenya hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hili wazi. Alikuwa kijana mwenye stashahada, mpole, aliyepewa lengo la siku kwenye karatasi na akaachwa nalo peke yake. Hakuwahi kumenya hata korosho moja. Alipoulizwa kwa nini trei hii ni ngumu, hakuwa na la kujibu, na mtu asiye na la kujibu hukimbilia ukali.

Mwaka 2016 nikapandishwa kwenda madaraja. Kwetu kule lilikuwa jambo kubwa. Mama mdogo alipika pilau. Madaraja walivaa makoti meupe na kofia za nywele, walilipwa kwa mwezi, walikuwa na taa nzuri na feni 4, na mchango wao ulikuwa unapelekwa NSSF. Walikuwa 24 tu. Nilidhani nimefika.

Kazi ya madaraja ni ya macho. Korosho nzima nyeupe zinapangwa kwa ukubwa, na namba ya daraja ni idadi yake kwenye ratili. Ukisema 320, maana yake ratili moja inabeba korosho kama 300 hadi 320. Ukisema 240, ni kubwa zaidi, zinaenda 220 hadi 240. Tofauti ya moja na nyingine kwa jicho ni ndogo kama tofauti ya mapacha. Ukikosea, katoni inakataliwa ng'ambo ya bahari, kwa hiyo ukaguzi ulikuwa wa lazima na siulaumu.

Ila ukaguzi wenyewe ulifanyika nyuma ya kioo. Trei yako inaingia kwa kidirisha, unaona vivuli vya watu wawili wameinama, kisha inarudi. Ikiwa nzuri inapita. Ikiwa mbaya inarudi na kikaratasi chekundu. Kikaratasi hakina neno. Hukuambiwa kama umechanganya ukubwa, au rangi, au umeacha yenye doa. Unaanza upya, trei nzima, kilo 10, korosho moja moja, ukitafuta kosa usilolijua.

Nakumbuka trei moja. Ilirudi mara tatu. Mara ya tatu nilichukua mizani ndogo ya mezani, nikapima ratili moja, nikahesabu. 318. Nikapima nyingine, 311. Zote zilikuwa sawa. Nikaziangalia chini ya taa moja moja mpaka macho yakaanza kuona maji. Nikamwuliza dada wa jirani yangu, "Hebu nitazamie, mimi sioni." Hakugeuza shingo. Alisogeza trei yake kidogo mbali na yangu, kwa kidole kimoja tu. Nilikwenda chooni nikalia. Yeye pia alikuwa na kikaratasi chake chekundu mfukoni, nilikuja kujua baadaye, na alikuwa anaogopa akionekana anazungumza itadhaniwa ndiye anayenipoteza.

Watu 24, na hatukuweza kucheza upatu. Tulijaribu mara moja. Majina yaliandikwa, na siku ya kutoa fedha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkabidhi mwenzake. Huko kubangua watu wenye vidole vyeusi, wasio na mkataba, walikabidhiana mishahara ya wiki nzima bila karatasi. Tangu siku ile nikitaka kuijua idara, hapo ndipo ninapotazama kwanza. Namuuliza mtu kimya kimya: huwa mnacheza mchezo?

Niliingia ofisini mwaka 2017 kwa sababu nilijua hesabu na mwandiko wangu ulisomeka. Nikawa karani wa malipo. Kazi yangu ilinipitishia mikononi madaftari ya mahudhurio ya idara zote, na kwa mara ya kwanza niliyaona kwa macho yale niliyokuwa nayahisi kwa ngozi. Kubangua, wenye moshi na mafuta ya kuchoma, ndio waliokosekana kazini mara chache zaidi. Madaraja walikuwa na ruhusa za ugonjwa kila wiki: kichwa, macho, tumbo. Kumenya walikuwa wakiingia na kutoka kama abiria wa daladala, kila mwezi majina mapya.

Meneja alikuwa akiamini ni fedha tu. Nilimwonyesha hesabu. Kwa mwezi, madaraja walipata zaidi ya wabanguaji wengi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe ulipita kote huko. Ni nini?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nikamwambia, "Mzee, naomba ruhusa nigeuze meza ya karani wa kumenya."

Alidhani natania. Tukaenda pamoja. Tukaivuta ile meza kutoka ukutani, tukaizungusha, uso wa mizani ukatazama ukumbi. Kisha nikamwomba karani asome kwa sauti. Yule wa kwanza kwenye foleni aliposikia "Tano na nusu," alibaki amesimama. Hakujua kwamba anapaswa kujibu. Nyuma yake mama mmoja aliyewahi kuwa kubangua akapaza sauti, "Mwitikie!" Akaitikia. Foleni ikacheka. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukumbi ule ukicheka.

Pamoja na meza tulianza kutoa karatasi ya malipo yenye kilo za kila siku na kila kilichokatwa na sababu yake. Sheria ile ile ya 2004 inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi, hatukuwa tunambeba mtu. Suala la upungufu lilichukua miezi. Ilibidi nyapara akae mezani, amenye mwenyewe siku nzima, apimiwe asubuhi na jioni, na yeye pia akapungukiwa. Makato ya gramu yakafutwa. Manung'uniko hayakwisha, na malipo hayakuongezeka kama tulivyotaka, lakini daftari la mahudhurio lilianza kubadilika, na kufikia mwisho wa mwaka majina mengi yalikuwa yale yale ya mwanzo wa mwaka.

Madaraja sikufanikiwa. Niliomba kioo kitolewe, au angalau kikaratasi kiandikwe neno moja: rangi, ukubwa, doa. Mkuu wa ukaguzi alikataa. Alisema wakijua kinachotafutwa watakificha. Niliongea naye mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ambayo karani hapaswi kuitumia, na meneja akaniomba niache. Niliacha. Bado naamini nilikuwa sahihi.

Kisha ikaja Novemba 2018. Bei za mnadani zilikuwa zimewakasirisha wakulima, Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi yakaanza kuzisomba. Kiwandani kwetu mzigo ulikwisha, mashine zikasimama, watu wote wakarudi makwao. Mwaka uliofuata mzigo ulipopatikana, mimi ndiye niliyekabidhiwa orodha na simu niwaite. Kubangua walirudi karibu wote, wengine walishafika langoni kabla sijawapigia, wamesikia tu. Kumenya walirudi wengi kuliko nilivyotarajia. Madaraja hawakufika nusu. Dada yule aliyesogeza trei yake kwa kidole alipokea simu, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Ahsante dada, mimi nauza samaki Feri sasa hivi. Nalala usingizi."

Kwa muda mrefu nilifikiri nimeshaelewa. Niliwaeleza watu wengi habari ya Shangazi na mizani yake, kila mara kwa fahari. Lakini kuna mtu mmoja nilikuwa nimemruka katika masimulizi yangu yote, na sikujua kwamba nimemruka.

Alikuwa mama mtu mzima kutoka Nanyamba, aliingia kubangua mwezi mmoja baada yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, mguu wake mzito kwenye pedali. Ndoo yake ilipotundikwa, Shangazi alisoma kwa sauti ile ile ya haki, "Tatu!" Na mama aliitikia, "Tatu." Kesho yake, "Tatu kasorobo!" Banda letu lilikuwa na nyongeza ya pamoja mwisho wa mwezi kama korosho nzima zilikuwa nyingi kuliko vipande, na vipande vyake vilikuwa vingi. Hakuna aliyemtukana. Tulimwamkia, tulimpa mafuta ya nyonyo. Ila hakuna aliyetaka kukaa naye mashine moja, na kwenye upatu tulimwambia majina yamejaa. Baada ya miezi mitatu hakuja tena. Tukasema kazi imemshinda, na tukaendelea kuimba.

Nilikutana naye mwaka 2020, Mikindani, kando ya barabara inayopita mbele ya ghuba. Anakaanga korosho kwenye karai juu ya majiko mawili na kuzipima kwa kikombe. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi, naenda kwa ndugu. Sikumtambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Akainua uso upande wangu, si moja kwa moja. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye uliyekuwa unaanzisha."

Nilikaa chini kwenye kigoda cha mjukuu wake. Akaniuliza Shangazi hajambo? Nikamwambia amestaafu, yuko kwake Newala, miguu inamsumbua. Akamwombea heri, na alimaanisha. Kisha akasema, bila kisirani chochote, huku anageuza korosho na mwiko, "Mlikuwa mnaimba vizuri sana. Mimi sikuwa naimba. Tangu saa nne nilikuwa nafikiria ndoo yangu itakapotundikwa."

Sikupata la kumjibu. Mizani ile ile niliyoipigania, niliyoivuta kwa mikono yangu kutoka ukutani kule kumenya, kwa mama huyu ilikuwa kengele ya aibu kila jioni. Nikawaza wanawake wangapi wa kumenya tangu siku ile wamesimama mbele ya ukumbi wote wakiitikia namba ndogo, na mimi nipo ofisini nasoma daftari la mahudhurio nikifurahi.

Nilimwuliza angetaka tufanye nini. Alifikiri, kwa kweli alifikiri, karai likilia. Akasema, "Mngenihamishia kuanika. Kuanika nilikuwa nakujua tangu mtoto. Hakuna aliyeniuliza." Kisha akanipa trei ya zilizokwisha kukaangwa na kuniomba nimchagulie zilizoungua, kwa kuwa mjukuu alikuwa bado hajarudi kutoka shule. Nikaziweka mapajani, nikaanza kuchambua, nyeupe huku, nyeusi huku, na kila nilipotilia shaka moja nilimwekea kiganjani, naye akaipapasa akaniambia ni ya upande gani.